Haki Tunayoidai Tuitoe Pia

Wahenga walinena: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Methali hii imenijia mara nyingi tangu niliporudi kutoka Isiolo, na leo, kwa idhini yako ndugu msomaji, nataka tuitumie kupimia jambo ambalo sisi Waislamu wa mwambao na wenzetu wa kaskazini tumezoea kulisema nusu na nusu kulimeza. Jambo lenyewe ni uhuru wa kuabudu.

Nianze na ile nusu tuipendayo. Huko Isiolo kuna shule ya sekondari ya umma iitwayo St. Paul's Kiwanjani, na mdhamini wake ni Kanisa la Methodist. Mwaka 2014 paliombwa kwamba wasichana wa Kiislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare yao. Kanisa likakataa, likaenda Mahakama Kuu ya Meru, na mwezi wa Machi 2015 likashinda. Mzazi mmoja wa Kiislamu akakata rufani. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani iliyoketi Nyeri ikampa haki, nasi huku pwani tukasema alhamdulillahi. Furaha ile haikudumu. Januari 2019 Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo, kwa kuwa dai la mzazi halikufikishwa mbele ya mahakama kwa utaratibu unaotakiwa, na kiini cha jambo kikaachwa hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa upande wa wasichana wale, na hadi leo niko upande wao. Kitambaa cha kichwani hakimzuii mtoto kusoma hesabu. Lakini hebu tutazame tulisimama juu ya nini tulipowatetea. Tulisimama juu ya kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtu uhuru wa dhamiri, wa dini, wa fikira na wa itikadi. Kifungu hicho hakikumtaja Muislamu wala Mkristo. Kimesema kila mtu. Basi na tuiendee ile nusu ya pili.

Burat ni wadi iliyo kando ya mji wa Isiolo, na wakaao huko ni mchanganyiko wa watu: Waturkana, Waborana, Wasomali, Wasamburu na Wameru. Msikiti hauko mbali na kanisa, na wako wazee wasioshika hili wala lile, ambao wangali wanaabudu kama walivyoabudu baba zao. Watu hawa wamewahi kugombana, tena kwa damu, kwa ajili ya malisho, maji, ardhi na mifugo iliyoibwa. Ugomvi wao mwingi si wa dini. Hata hivyo, kila apitaye huko atakwambia kwamba pakishawaka moto wa ng'ombe, dini nayo hutafutwa iwe kuni.

Huko nilikaribishwa chai ya maziwa na mzee mmoja wa Kiborana. Kwa kuniona na kofia yangu ya kiua akaniita sheikh, ingawa usheikh sina. Baada ya kuulizana habari za mvua na za Mombasa, akanitolea lililokuwa moyoni mwake. Alisema: "Kijana wa ndugu yangu ameingia kanisani. Harusi ya dada yake hakualikwa. Mama yake akitaka kumwona huenda usiku, kama mwizi. Vijana wa mtaa wanasema wakimkuta kisimani watamfunza adabu. Sheikh, sheria inasemaje?"

Nilimjibu kwa yale niliyofunzwa chuoni nikiwa mdogo na yale niliyoyasoma baadaye. Kwa kuwa najua swali lake linaulizwa pia Lamu, Mambrui, Kisauni na Vanga, ila kwa sauti ya chini zaidi, nalijibu hapa kwa urefu.

Kwanza, Kurani yenyewe. Kila aliyepita chuoni anaijua aya ya 256 ya Sura ya al-Baqara, inayokataza watu kulazimishwa katika dini. Anaijua na aya ya 99 ya Sura ya Yunus, ambamo Mtume mwenyewe (S.A.W.) anaulizwa kama ni yeye wa kuwashurutisha watu waamini. Tena Sura ya al-Hajj, aya ya 40, imeyataja makanisa na masinagogi pamoja na misikiti, kuwa ni mahali ambapo jina la Mwenyezi Mungu hutajwa, napo panastahili kukingwa na ubomoaji. Na katika Sira aliyoikusanya Ibn Ishaq tunasimuliwa kwamba Wakristo wa Najran walipomjia Mtume Madina, aliwaacha wasali sala yao ndani ya msikiti wake. Sasa sisi ni nani hata tumwekee mtu ulinzi njiani asifike kanisani kwake?

Pili, fiqhi. Najua wapo watakaonikumbusha kwamba wanavyuoni wa kale, wa madhehebu yetu ya Shafii na ya wengine, waliandika hukumu nzito juu ya anayeritadi. Ni kweli, waliandika, na sitaki kumficha msomaji. Lakini na yasomwe yote waliyoyaandika. Hukumu zile waliziweka mikononi mwa dola na kadhi, baada ya kuhojiana na kumpa mtu nafasi. Hawakumpa ruhusa kijana mwenye rungu kisimani, wala mjomba mwenye hasira, wala umati wa sokoni. Tena wapo wanavyuoni wakubwa walioitazama upya hukumu yenyewe. Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa al-Azhar tangu 1958 hadi 1963, aliandika kwamba ukafiri peke yake hauhalalishi damu ya mtu. Linalohalalisha vita ni uadui na kuwashambulia Waislamu.

Na tuangalie jinsi upanga huo ulivyotumika uliposhikwa na wenye madaraka. Huko Sudan, tarehe 18 Januari 1985, serikali ya Nimeiry ilimnyonga Mahmoud Mohammed Taha, mzee wa zaidi ya miaka 70, kwa kosa la kuritadi. Yeye mwenyewe hakupata kusema kwamba ameuacha Uislamu. Kosa lake lilikuwa kuzipinga sheria za Nimeiry na kuifasiri dini tofauti na wakubwa. Hazikupita siku 80, Nimeiry naye akapinduliwa. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Sudan ikaibatilisha hukumu ile, wakati mwenyewe yuko kaburini. Mwaka 2020 Sudan iliifuta kabisa adhabu ya kifo kwa kuritadi.

Wala tusidhani haya ni ya mbali. Hapa kwetu Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui, mwanachuoni mkubwa wa Mombasa na baba yake Sheikh al-Amin, alitiwa kifungoni Unguja na Sayyid Barghash. Sababu ilikuwa hoja zake za Kisuni dhidi ya itikadi ya Kiibadhi, na hakutoka mpaka Barghash alipofariki mwaka 1888. Muislamu alimfunga Muislamu kwa ajili ya itikadi. Mlango wa kulazimishana ukishafunguliwa, hakuna ajuaye utamfungia nani kesho: leo Mkristo, kesho Shia, keshokutwa mtu wa maulidi na mtu asiyetaka maulidi.

Tatu, nilimwomba mzee anieleze ukoo wake. Aliniambia kwamba babu yake alikuwa akimwomba Waaqa chini ya mti, kama walivyokuwa wakifanya Waborana wengi kabla Uislamu haujaenea kwao katika karne iliyopita. Basi babu huyo aliiacha njia ya wazee wake akaingia katika yetu, nasi tunamwombea rehema kwa hilo. Uislamu wa nyika zile haukuletwa na jeshi. Uliletwa na wafanyabiashara, walimu na ndoa. Ulipata nafasi kwa sababu watu waliachiwa kuchagua.

Lipo jambo linalonikera zaidi ya yote. Mkristo akisilimu hapa pwani, tunapiga takbira, tunampa jina na kanzu, na kofia inazungushwa msikitini achangiwe nauli na mtaji. Wazazi wake wakimfukuza au wakimpiga, tunaghadhibika na kusema ni dhulma. Na ni dhulma kweli. Ila atokapo mmoja wetu kwenda kwao, dhulma ile ile tunaiita ghera ya dini. Mizani gani hii yenye mawe mawili, moja la kununulia na moja la kuuzia?

Sisemi kwamba dini zote ni sawa. Mimi ni Muislamu, naiamini dini yangu kuwa ya haki, na mwanangu akiiacha nitalia. Mama yule wa Burat ana haki ya kulia, na baba ana haki ya kumwita mwanawe wakae waongee usiku kucha. Huzuni ni haki ya mzazi. Kumnyima mtu maji, harusi, urithi wa mapenzi ya mama yake na usalama wa njia si huzuni tena.

Sisi watu wa pwani tuna mwendo wetu wa zamani katika mambo haya, nasi hatuna haja ya kuazima ukali wa wengine. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 kuhubiri Ukristo, alikuja na barua ya Sayyid Said ya kumwombea mapokezi mema, na kadhi wa Mombasa akamsaidia katika kazi yake ya lugha. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walijua fika alilokuja kulifanya. Mwaka 1923 padri Godfrey Dale wa Unguja alipoitoa Kurani kwa Kiswahili pamoja na maelezo yasiyowapendeza, na mwaka 1953 Maahmadiya walipotoa yao, nyumba ya mtu haikutiwa moto. Sheikh Abdalla Saleh al-Farsy aliketi akaandika, na mwaka 1969 Kurani Takatifu yake ikatoka kamili. Kitabu kilijibiwa kwa kitabu, na hadi leo kimo katika nyumba zetu.

Ni katika miaka ya karibuni ndipo tulipoharibikiwa. Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa watu wakiwa ibadani. Agosti mwaka huo, baada ya kuuawa Sheikh Aboud Rogo, makanisa ya Mombasa yalivamiwa, na Oktoba 2013 kanisa la Jeshi la Wokovu la Majengo likatiwa moto. Februari 2013 padri Evarist Mushi alipigwa risasi Unguja. Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na wauaji waliwatenga watu kwa dini zao. Nasi pia tumeuawa: Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, alipigwa risasi Likoni mwezi wa Juni 2014, naye alikuwa akiwapinga waziwazi wenye siasa kali. Ndiyo kawaida ya moto huo. Huanzia kwa jirani ukaja kumaliza nyumba ya aliyeuwasha.

Lakini ipo habari nyingine, na hii ndiyo ningependa isomwe katika kila madrasa. Desemba 2015 basi liliokuwa likienda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Wauaji wakawaamuru Waislamu wajitenge na wasio Waislamu. Abiria wa Kiislamu wakakataa. Walikuwamo waliokwisha kuwapa Wakristo mavazi yao, hijabu zikiwamo, wajisitiri nazo wasitambulikane. Mwalimu Salah Farah, Muislamu, alipigwa risasi katika tukio hilo, na Januari 2016 akafariki kwa jeraha lake. Taifa lilimtunuku nishani baada ya kufa. Hijabu ile ile tuliyokuwa tukiipigania mahakamani kwa ajili ya binti zetu, wenzetu waliitoa ikasitiri roho ya Mkristo.

Sisi tuna methali ya kale: Mgala muue na haki umpe. Wagala hao wa methali ni watu wa jamii ya Oromo, jamaa za Waborana hawa hawa, waliopigana na miji yetu enzi zilizopita. Nusu yake ya kwanza ni ya vita, na vita hivyo vimekwisha, tuiache ife. Nusu ya pili inatufaa. Kama wazee wetu waliona hata adui wa mkuki ana haki ya kupewa, seuze mtoto wa ndugu yako aliyekosana nawe katika sala.

Na barabara ipitayo Isiolo huelekea Marsabit, Moyale na kuingia Habasha. Ni nchi ile ile ambayo Waislamu wa mwanzo, mnamo mwaka 615, walikimbilia walipoteswa Makka kwa kuiacha dini ya baba zao. Jaafar bin Abi Talib alisimama mbele ya mfalme Mkristo akatoa hoja yake, na mfalme akakataa kuwarudisha kwa watesi wao. Lau Najashi angekuwa na fikira za vijana wa kisimani, wangerudishwa Makka wamefungwa kamba.

Basi nayasema haya kwa maimamu wetu, wa Isiolo na wa pwani. Zile hutuba tunazozitoa kudai hijabu shuleni, ruhusa ya Ijumaa na mahakama za kadhi, ziendelee. Ni haki yetu. Ila katika hutuba hizo hizo watu waambiwe waziwazi kwamba asiguswe aliyetoka, asizuiwe majini wala sokoni, wala kanisa lisirushiwe jiwe. Wazee wa mitaa wawaite vijana wenye marungu wazungumze nao kabla hapajamwagika damu. Na wenye shule za kanisa nao wawaachie binti zetu kitambaa chao.

Mzee wangu wa Burat nilimwambia aanze na dogo lililo katika uwezo wake: yule mama asiende tena usiku. Aende mchana, na yeye mzee amsindikize, watu wote wa mtaa wakiona.