Baada ya Kombe, Mtoto Aende Wapi?

Jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya reli na ambaye hapitwi na habari ya mchezo wo wote, alinisimamisha langoni juma lililopita akaniuliza: "Bwana mwandishi, yule msichana wetu aliyeshinda Wimbledon alipotelea wapi?"

Swali lile lilinichoma. Si kwamba mzee alikosa adabu, la; mzee wa watu aliuliza kwa nia njema. Kilichonichoma ni hilo neno "alipotelea", ambalo nimelisikia katika vinywa vingi, ndani ya matatu na hata kwa watu waliokuwa mstari wa mbele kupigwa picha pamoja na msichana huyo. Hakupotelea po pote. Ni sisi tuliomsindikiza hadi mwanzo wa njia, tukapiga makofi, tukageuka kurudi nyumbani.

Naomba msomaji aniruhusu nianze na mambo yangu mwenyewe. Nilipokuwa mvulana niliokota mipira ya tenisi katika klabu moja hapa Nairobi. Tulilipwa senti chache na kupewa soda siku za Jumamosi. Raketi tuliruhusiwa kuibeba, lakini kuipiga nayo mpira ilikuwa kosa, na mwenzetu mmoja aliyepatikana akijaribu baada ya mabwana kuondoka hakurudi tena pale. Ndiyo sababu watu wengi wa rika langu walikua wakiamini kwamba tenisi ni mchezo wa wenye mali, unaochezwa nyuma ya ua uliokatwa vizuri, na mtoto wa mwananchi wa kawaida hauhusu. Kwa hiyo niliposikia habari za Angella Okutoyi nilizifuata kama mtu anayefuata habari za ndugu yake.

Angella alizaliwa Januari 2004. Mama yake alifariki wakati wa kumzaa yeye na pacha wake, nao wakalelewa na nyanya yao, ambaye alikuwa akifanya kazi ya usafi katika shule ya Loreto Convent Valley Road, Nairobi. Uwanja wa shule ile ndipo mtoto alipoanzia kushika raketi. Mwaka 2021 alishinda ubingwa wa vijana wa Afrika huko Sousse, Tunisia, na kwa ushindi huo akapata nafasi ya kwenda Melbourne katika mashindano ya vijana ya Australia, Januari 2022. Huko akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mchezo katika mashindano makuu ya vijana ya mmoja mmoja, tena hakushinda mmoja tu bali miwili, kabla ya kutolewa katika duru ya tatu.

Kisha ikaja Julai ya mwaka huo huo. Pale Wimbledon, akishirikiana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, aliingia fainali ya wasichana ya wawili wawili dhidi ya vijana wawili wa Kanada. Seti ya kwanza waliipoteza 3-6, ya pili wakaichukua 6-4, na ile ya kuamua, ambayo huchezwa kwa pointi tu mpaka mmoja afike kumi akiwa mbele kwa mbili, wakaimaliza 11-9. Pointi mbili! Nilikuwa nimesimama mbele ya televisheni huku chai ikipoa, na sioni haya kusema kwamba nilipiga kelele kama mtoto.

Sasa nawaomba wasomaji wanitazamie upande wa pili wa wavu siku ile. Wasichana wale wa Kanada walikuwa Kayla Cross na Victoria Mboko. Jina la Mboko lilinivuta tangu hapo, kwa kuwa halikuwa la Kizungu. Wazazi wake ni watu wa Kongo waliohamia ng'ambo. Alikuwa hajatimiza hata miaka kumi na sita. Alishindwa, akashika raketi zake, akaondoka, na sisi hatukumfikiria tena.

Agosti 2025 msichana huyo alitwaa ubingwa wa wazi wa Kanada mjini Montreal. Katika safari moja hiyo aliwatoa mabingwa wanne ambao kila mmoja wao amewahi kushinda angalau moja la mashindano makuu ya dunia: Sofia Kenin, Coco Gauff, Elena Rybakina na, katika fainali, Naomi Osaka, ambaye alimshinda 2-6, 6-4, 6-1. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minane. Kwa ushindi huo alipokea dola 752,275 za Kimarekani, na mwaka 2025 ulipokwisha alikuwa miongoni mwa wanawake ishirini bora duniani.

Nilipoona picha yake akiwa na kombe, nilikumbuka zile pointi mbili za Wimbledon.

Sisemi kwamba Angella angefanya vivyo hivyo. Hakuna ajuaye, na mchezo hauna deni na mtu. Mboko ana nguvu za mkono ambazo hazipatikani kwa kila msichana, naye alikuwa mdogo kwa zaidi ya miaka miwili, jambo ambalo lilimpa muda wa kukua. Lakini nimejaribu kufuatilia hatua za kila mmoja tangu siku ile, na hadithi niliyoikuta ni ya njia mbili, moja iliyowekwa madaraja kila penye mto, na nyingine ambayo msafiri anaambiwa aogelee.

Wengi wetu hatufahamu jinsi mambo haya yanavyokwenda. Mtoto anaposhinda katika mashindano ya vijana, pointi zake ni za vijana. Akivuka kwenda kwa wachezaji wa kulipwa huanza karibu na bure, ila wale walio juu kabisa katika orodha ya vijana hutengewa nafasi chache za kuwasaidia. Ngazi ya chini ya wanawake wa kulipwa ni mashindano yenye zawadi ya dola 15,000. Msomaji asidanganyike na hesabu hiyo: ni fedha za wote watakaocheza. Bingwa mwenyewe huondoka na dola elfu mbili na kidogo, na anayetolewa siku ya kwanza hapati hata za kulipia hoteli. Kutoka hapo nauli, chakula, nyuzi za raketi na mshahara wa mwalimu ni juu yake. Na pointi alizozipata hudumu mwaka mmoja tu, kisha zinafutika, kwa hiyo asiposafiri anashuka, hata kama hajashindwa na mtu.

Mashindano hayo yako wapi? Katika bara letu, zaidi yako Misri na Tunisia, ambako Sharm El Sheikh na Monastir huandaa karibu kila juma. Msichana wa Kimisri anaamka nyumbani kwao akaenda kutafuta pointi. Wa Nairobi anaanza kwa kutafuta visa.

Hapa ndipo napenda kulinganisha na riadha, maana watu husema, mbona wakimbiaji wetu hawalii? Mkimbiaji wa Iten akitoka mlangoni alfajiri anawakuta barabarani watu wanaoweza kumshinda. Mpinzani bora duniani ni jirani yake. Mchezaji wa tenisi hawezi kujinoa peke yake. Anahitaji mtu wa kumrudishia mpira kwa nguvu zaidi ya alivyoupiga, na mtu huyo hapa kwetu ni adimu. Kumleta mpinzani huyo Nairobi kwa juma moja ni rahisi kuliko kumpeleka mtoto kwake kwa mwaka mzima. Sijui kwa nini hesabu hii inatushinda.

Turudi kwa Mboko. Mwaka 2025 ulipoanza alikuwa nje ya wachezaji 300 wa kwanza, baada ya kusumbuliwa na goti. Alianzia huko chini, katika mashindano madogo ya Martinique na Guadeloupe, akishinda mfululizo bila kupoteza seti mpaka dunia ikageuza shingo. Hiyo ni sifa yake mwenyewe. Lakini nchi yake ilikuwa na kituo cha taifa cha tenisi, kilichoanzishwa Montreal mwaka 2007, na Mfaransa Nathalie Tauziat, aliyecheza fainali ya Wimbledon mwaka 1998, alikuwa mwalimu wake. Tena hilo kombe la Montreal aliingia kulitafuta kwa nafasi ya mwaliko. Kwa desturi ya mchezo huu, mwenye kuandaa mashindano hubakiziwa nafasi chache azigawe apendavyo, naye kwa kawaida huwapa watoto wake. Kanada ilikuwa na meza, ikamkatia binti yake kiti. Sisi meza kama hiyo hatuna.

Angella naye alifanya lililowezekana. Mwaka 2023 alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn huko Alabama, Marekani, ambako mchezaji hupata masomo, chakula, viwanja na walimu bila kuuza shamba la mtu. Wako waliolalamika kwamba amekimbia mchezo wa kulipwa. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Paul Wekesa, ambaye mwaka 1995 alifika nafasi ya 100 duniani, naye alipitia chuo cha Marekani, na hatujapata Mkenya aliyemfikia. Mtoto aliyelelewa kwa mshahara wa kusafisha madarasa akichagua shahada pamoja na raketi, amechagua vyema kuliko sisi tulivyomchagulia.

Machi 2024 akatoka huko akaenda Accra katika Michezo ya Afrika, akaleta dhahabu ya mmoja mmoja, ambayo akina dada wa Kenya hawakuwa wameipata tangu Michezo ya Algiers mwaka 1978. Magazeti yalijaa. Dhahabu hiyo ilimfungulia mlango wa Olimpiki ya Paris, kwa sharti moja: ifikapo Juni awe ndani ya wachezaji 400 wa kwanza duniani. Bingwa wa Afrika nzima alikuwa na miezi mitatu hivi kutafuta pointi. Paris hakwenda.

Hilo ndilo jambo ninalotaka wakuu wanaohusika walisome mara mbili. Hakushindwa na msichana ye yote. Alikosa mashindano ya kutosha katika nyayo zake. Tulikuwa na habari ya sharti lile, na kalenda ilikuwa ukutani.

Najua nitaambiwa kuna mambo makubwa zaidi ya mpira wa manyoya ya njano, kwamba kuna shule zisizo na madawati. Ni kweli. Lakini siombi uwanja wa mamilioni. Klabu zenye viwanja vizuri tunazo tangu enzi za ukoloni, na mara nyingi katikati ya juma huwa havina mtu. Ningetaka majuma manne au matano ya mashindano madogo ya wanawake kila mwaka, bila kukosa, Nairobi na hata Mombasa, pamoja na mfuko wa nauli usiosubiri mtu apate kombe kwanza. Jirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 2024 kuandaa mashindano ya wanaume ya daraja la Challenger mjini Kigali, ambayo ni ngazi ya juu kuliko haya ninayoyaomba. Hawakungojea kwanza wapate bingwa wa Wimbledon.

Wala siombi watoto waharakishwe. Wenye umri wangu wanamkumbuka Jennifer Capriati wa Marekani, aliyeingia kwa watu wazima mwaka 1990 kabla hata hajafika miaka kumi na minne, akachoka akiwa bado kijana. Baada yake ikawekwa sheria ya kupunguza idadi ya mashindano kwa wenye umri chini ya miaka kumi na minane. Sheria ile ni njema. Kwetu hata hivyo haina kazi kubwa, maana mtoto wetu hayafikii mashindano anayoruhusiwa.

Haya yote nilimweleza mzee wa reli tukiwa tumeketi barazani kwangu. Alisikiliza kwa makini, akauliza mara mbili juu ya hizo pointi zinazofutika, akasema hata pensheni yake haina ukali huo. Kisha akanyamaza kidogo.

"Basi hapa Nairobi atacheza lini," akaniuliza, "ili nami nikamwone kwa macho yangu?"

Nilimwongezea chai.