Karakana Si Jalala la Walioshindwa

Wapo maofisa na walimu ambao wakisikia neno amali humwona mtoto aliyeshindwa. Kwao, mwenye akili husoma fizikia, na asiye nazo hupewa randa na msumeno. Kasumba hii ni urithi wa mkoloni, aliyehitaji makarani wa kunakili amri zake na mafundi wa kutengeneza vitu vilivyobuniwa kwao Ulaya. Ajabu ni kwamba wasomi wa nchi huru wameitunza kasumba hiyo kwa uangalifu kuliko wanavyotunza samani za ofisi.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka kazi ya mikono na kazi ya akili ziwe kitu kimoja. Kilichotokea katika shule nyingi kinajulikana: jembe likawa fimbo. Mwanafunzi aliyechelewa namba alipelekwa shambani, na aliyejibu vizuri darasani akasamehewa kulima. Sasa, tangu Januari 2024, mtaala mpya umefungua mkondo wa amali katika sekondari, na vijana wa kwanza wa mkondo huo zamu yao ya kidato cha nne ni mwaka 2027. Ikiwa watakaopangwa humo ni wale tu wenye alama za chini, basi karakana itakuwa adhabu kama shamba lilivyokuwa.

Wanaodharau kazi hii na wachukue kitu kidogo tu, jiko la mkaa. Jiko la Kenya lenye ganda la bati na kiini cha udongo uliochomwa lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Halikunakiliwa tu. Mama anayesonga ugali huusukuma mwiko kwa nguvu zake zote, kwa hiyo jiko lisilo imara hupinduka pamoja na sufuria. Bati na udongo havitanuki sawasawa vikipata moto. Asiyelijua hilo atauza majiko yatakayopasuka. Mkaa ukikosa hewa hufifia, ukizidishiwa huteketea bure. Tena bei yake lazima ilingane na mfuko wa mnunuzi, ndiyo maana mafundi wa Nairobi walilikata ganda katika vyuma chakavu. Humo mna fizikia, kemia, hesabu na uchumi, na mna jambo moja ambalo halimo katika kitabu chochote cha kidato: kumsikiliza mpishi. Nani atathubutu kusema kazi hiyo ni ya wajinga?

Kijana wa kidato cha tatu na cha nne apewe kazi ya namna hiyo. Aende kijijini au mtaani, atafute shida moja, aichore, atengeneze mfano, ampe mtumiaji, aone unavyoharibika, kisha aanze tena. Daftari la majaribio yaliyoharibika lipewe alama nyingi kuliko mchoro safi uliopigwa rula. Hapa Baraza la Mitihani lina wajibu mzito. Ulikuwapo wakati ambapo mtihani mbadala wa vitendo uliruhusiwa katika masomo ya sayansi, na mtahiniwa akaeleza kwa kalamu jaribio ambalo mikono yake haikuligusa. Mchezo huo ukirudiwa katika ubunifu wa bidhaa, taifa litapata vijana wenye vyeti vya kusifu viti ambavyo hawawezi kuviunda.

Husemwa kwamba vifaa hakuna. Ni kweli kwamba hata shule kongwe za ufundi, Ifunda na Moshi zikiwamo, karakana zao zilichakaa mno hadi Serikali ikalazimika kuzikarabati. Lakini jiliwa, tupa, msumeno na vipande vya bati havisubiri msaada wa wafadhili. Kinachosubiriwa ni mwalimu mkuu atakayekubali fundi seremala wa mtaani, asiye na shahada, asimame mbele ya wanafunzi na kuitwa mwalimu. Hilo ndilo linalowauma wengi, ingawa hawalisemi.

Tena vyombo vya umma vipo. SIDO iliundwa mwaka 1973, TEMDO mwaka 1980, CAMARTEC mwaka 1981, na hivi viwili vya mwisho viko Arusha. Kazi zao ni viwanda vidogo, mashine na zana za vijijini. Mwanafunzi wa Arusha aliyebuni mashine ya kupukuchua mahindi anastahili kuipeleka huko ikapimwe, na wahandisi wa huko wanastahili kuitolea maoni kwa maandishi kabla ya mtihani wake. Hilo halihitaji bajeti mpya. Linahitaji barua moja kutoka kwa afisa elimu.

Na ofisa huyo, kabla hajaidhinisha orodha ya wanaokwenda mkondo wa amali, aeleze kwa maandishi ametumia kipimo gani, na ni lini mara ya mwisho yeye mwenyewe aliingia katika karakana ya shule.