Kodi, Kufuli na Nyundo: Mitandao ya Kijamii na Matineja wa Uganda

Hakuna tineja wa Uganda ambaye hajaambiwa: "Simu imewaharibu ninyi watoto." Tunaambiwa nyumbani, tunaambiwa kanisani na msikitini, tunaambiwa gwarideni Jumatatu asubuhi. Mtoto akianguka mtihani, ni simu. Binti akipata mimba, ni simu. Kijana akimjibu mzee vibaya, ni simu hiyo hiyo. Sikatai kwamba mitandao ya kijamii inawadhuru matineja. Ninachokataa ni kumfanya mtoto mshtakiwa katika kesi ambayo yeye ndiye aliyeumizwa. Nchi yetu imeishika mitandao hii kwa mkono mzito zaidi ya mara moja, lakini kila mkono ulipokuwa mzito kweli, sababu haikuwa mtoto. Hiyo ndiyo hoja yangu.

Tuanze na kodi. Tarehe 1 Julai 2018, serikali ilianza kumtoza kila mtumiaji wa Facebook, WhatsApp, Twitter na mingineyo shilingi 200 kwa siku. Sababu zilizotajwa zilikuwa mapato ya serikali na olugambo, yaani umbeya. Kodi ile haikuuliza umri wa mtu. Mtoto wa miaka 12 aliyelipa shilingi 200 alifunguliwa mlango sawa na babu yake, na yule asiyelipa alitafuta programu ya VPN akapita dirishani. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, mahali pake pakawekwa asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Hesabu ikabadilika, lakini mtoto hakuingizwa ndani yake.

Likafuata kufuli. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilifungwa, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Intaneti iliporudi, Facebook ilibaki imefungwa, na iliendelea kufungwa miaka mingi baada ya kura kuhesabiwa, kwa sababu ya ugomvi kati ya serikali na kampuni hiyo kuhusu akaunti zilizofutwa. Wapiganapo tembo, ziumiazo nyasi. Hapa nyasi hazikuwa hata sehemu ya mazungumzo. Serikali ilionyesha kwamba inaweza kuibana kampuni kubwa ya kigeni ikitaka. Basi swali ni moja tu: inataka kwa ajili ya nani?

Katika miaka hiyo hiyo shule zetu zilifungwa kwa sababu ya korona, kuanzia Machi 2020. Madarasa mengine yalirudi kwa vipindi, lakini shule zote hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko sisi. Tineja aliyekuwa na miaka 13 milango ilipofungwa alikaribia miaka 15 ilipofunguliwa. Kwa wale ambao wazazi wao walijikaza, simu ndiyo iliyokuwa darasa: mwalimu alituma kazi kwa WhatsApp, mtoto akaifanya, akapiga picha, akairudisha. Wakubwa wale wale wanaolalamika leo ndio waliomkabidhi mtoto simu mkononi, wakamwacha nayo chumbani. Hakuna aliyemwambia kilichomo ndani yake. Shule zilipofunguliwa, simu ile ile ikawa kosa la kinidhamu.

Ndipo ikaja nyundo. Katika shule ya bweni niliyofanyia mazoezi ya kufundisha, simu zilizokamatwa zilipondwa mbele ya wanafunzi wote. Wanafunzi walicheka, walimu wengine walipiga makofi. Muhula huo huo, msichana wa kidato cha pili alionyeshwa kwenye simu ya siri ya rafiki yake picha iliyotengenezwa: uso wake umebandikwa kwenye mwili wa mtu mwingine. Picha ilikuwa imezunguka katika kundi la darasa tangu likizo. Alipojikaza akaenda kushtaki, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa: "Umeiona kwenye simu ya nani?" Akanyamaza. Angejibu, rafiki yake angefukuzwa. Aliponisimulia baadaye alisema, "Mwalimu, bora ningenyamaza toka mwanzo." Hilo ndilo somo ambalo nyundo inafundisha. Mwenye kudhulumiwa anajifunza kunyamaza, na mdhulumu anajifunza kuficha simu vizuri zaidi.

Nyundo ina kasoro nyingine. Mwaka wa shule una mihula mitatu, na kila muhula una likizo yake. Tunamnyima mtoto simu kwa majuma kumi na kadhaa, kisha tunamrudisha nyumbani akaishike mchana na usiku kama mtu aliyefungua saumu kwa pupa. Katika majuma yale yote hakuna kipindi hata kimoja ambacho mwalimu alikaa naye akamweleza jinsi mitandao hii inavyofanya kazi.

Nayo inafanya kazi kwa makusudi. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, na mchezo wa mpira una kipenga. Orodha ya video haina mwisho, kwa sababu waliounda programu waliamua isiwe nao. Video moja ikiisha, nyingine inaanza bila kuombwa. Kengele ndogo inalia usiku wa manane kumwambia mtoto kwamba fulani ameipenda picha yake, naye anaamka kuhesabu wangapi hawajaipenda. Kampuni inauza matangazo, kwa hiyo kila dakika ya mtoto ni bidhaa. Wenyewe walijua. Mwaka 2021, nyaraka za ndani za Facebook zilizofichuliwa na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wake, zilionyesha kwamba utafiti wa kampuni yenyewe uliwahoji wasichana matineja. Miongoni mwa wale waliokuwa wakijisikia vibaya kuhusu miili yao, asilimia 32 walisema Instagram iliwazidishia. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu ukubwa wa madhara kwa matineja wote kwa jumla. Na wabishane. Lakini mwenye duka akijua chakula chake kinawaumiza baadhi ya wateja, hatusubiri mabishano yaishe ndipo tumuulize.

Najua nitakachojibiwa. Wa kwanza atasema kazi ya malezi ni ya mzazi: samaki mkunje angali mbichi. Methali ni ya kweli, lakini iliwahusu mzazi na mtoto wake, haikumweka katikati yao mtu wa tatu anayelipwa kumkunjua samaki kila usiku. Mama anayetoka alfajiri kwenda kuuza nyanya Owino na kurudi usiku hawezi kushindana peke yake na wahandisi waliosomea namna ya kumshika mwanawe asilale.

Wa pili atasema, basi tuifunge yote. Naye simuungi mkono. Sisi tunaosoma Kiswahili Kampala tunajua ilivyo kazi kupata mtu wa kuzungumza naye lugha hii baada ya kipindi. Wengi wetu tumenoa ndimi zetu katika makundi ya WhatsApp pamoja na wenzetu wa Tanzania na Kenya. Sitaki mdogo wangu anyimwe hilo. Nataka alipate bila kuuzwa.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, kifungu cha 8, inakataza kukusanya taarifa binafsi za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Na kwa Katiba yetu, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Jaribu sasa kumfungulia akaunti mtoto wa miaka 12. Anaandika kwamba alizaliwa mwaka 2000, anabonyeza, anaingia. Idhini ya mzazi iko wapi? Australia ilipotunga sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti, ikaanza kutumika Desemba 2025, iliiweka faini kubwa juu ya kampuni. Mtoto hatozwi, mzazi hatozwi. Mtu anaweza kuubishia umri huo, hata mimi naubishia, lakini kidole kimeelekezwa panapostahili.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tutakuwa walimu miaka miwili ijayo. Tutakabidhiwa chaki, na pengine nyundo. Naomba tuikatae nyundo. Tudai kifungu cha 8 kitekelezwe kwa nguvu ile ile iliyotumika kukusanya shilingi 200. Tudai kipindi kimoja kwa juma cha kumfundisha mtoto mashine hii inamtaka nini. Na katika kila shule pawe na mwalimu ambaye mtoto anaweza kumwendea na picha ya aibu mkononi, na swali la kwanza atakaloulizwa liwe: "Nani amekutendea hivi?"