Dumu Lisilo na Jina: Wanafunzi Wapewe Kazi, na Kazi Ilipwe

Anayesafiri kwa basi kutoka Dodoma kwenda Mwanza hukutana na soko la Singida kabla hajafika stendi. Kandokando ya barabara kuu yamepangwa madumu ya mafuta ya alizeti, chupa za asali, mafungu ya vitunguu na matenga ya kuku wa kienyeji. Bidhaa ni nzuri, mnunuzi yupo na bei hupatikana. Lakini dumu lile lile likifika Dar es Salaam na kumiminwa katika chupa yenye lebo ya mtu mwingine, mlaji atakumbuka jina la mwenye lebo. Mkulima wa Ikungi na mkamuaji wa Singida mjini hawatajwi, na mwakani mlaji huyo hatawatafuta.

Hii ni hasara ya kibiashara, ingawa haiandikwi katika daftari lolote. Mwenye bidhaa isiyo na jina hupangiwa bei na dalali, kwa sababu dumu lake halina tofauti na dumu la jirani. Mavuno yakiwa mengi bei huporomoka kwa wote, aliyekamua vizuri na aliyechanganya. Jina ndilo humwezesha mnunuzi kurudi kwa yule yule aliyemridhisha.

Wafanyabiashara wadogo wakiulizwa kwa nini hawana lebo, tangazo la redio wala hata picha nzuri ya kumtumia mnunuzi kwa simu, jibu ni moja: gharama. Matangazo, wanasema, ni ya makampuni makubwa. Maoni ya ukurasa huu ni kwamba mafundi wa bei nafuu wapo, tena wako jirani, na wanahangaika kutafuta mahali pa kujifunzia. Ni wanafunzi wa vyuo vikuu wanaosomea picha, video, sauti na uchoraji wa matangazo. Wapewe kazi halisi, na kazi hiyo ilipwe.

MAFUNDI WAKO JIRANI

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kiko umbali wa takriban kilomita 240 kutoka Singida mjini, safari ya basi ya saa chache. Chuo hicho kinafundisha shahada ya teknolojia ya medianuwai na uhuishaji, yaani kazi za picha, sauti, video na katuni zinazotengenezwa kwa kompyuta. Hapa hapa Singida mjini ipo kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, ambayo wanafunzi wake wanaweza kushika hesabu ya mradi wa namna hii. Mbali zaidi wako wanafunzi wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo chimbuko lake ni chuo cha sanaa cha mwaka 1981, na wale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaojifunzia kazi katika Redio Mlimani na Mlimani TV.

Wengi wa wanafunzi wa elimu ya juu hutakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo, ambayo wenyewe huyaita fildi. Kwa wanaokopeshwa na Bodi ya Mikopo, fedha za mafunzo hayo ni sehemu ya mkopo. Tatizo ni kile wanachokikuta huko waendako. Wengi hupangwa katika ofisi ambako hubeba mafaili, hutoa nakala na kusubiri sahihi ya msimamizi. Wiki zikiisha, mwanafunzi ana ripoti iliyogongwa muhuri, lakini hana kazi hata moja ya kumwonyesha mwajiri au mteja. Mkopo utalipwa, na ufundi haujaongezeka.

Kalenda nayo inatusaidia. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na alizeti huvunwa kuanzia Mei. Likizo ndefu ya vyuo kwa kawaida huangukia kati ya Julai na Oktoba, wakati ambapo mashine za kukamua zinanguruma na magunia ya vitunguu yanapakiwa. Mwanafunzi huachiwa huru katika miezi ile ile ambayo mfanyabiashara ana bidhaa ya kuuza.

MAFUNZO MAWILI YA NYUMA

Jambo hili si geni nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda katika kijiji cha Malya, wilayani Kwimba, kufanya kazi ya sanaa na wanakijiji. Mtindo wao ulikuwa kukaa na watu kwanza, kuchunguza tatizo lao, kutunga mchezo pamoja nao, kuuonyesha, kisha kuujadili. Msanii alianza kwa kusikiliza. Mwanafunzi anayekuja kumtengenezea lebo mkamuaji wa Kiomboi afuate utaratibu huo huo: akae kiwandani, aende sokoni Misuna, aulize wanunuzi wanatazama nini kabla ya kufungua kipochi cha pesa. Akiisha kusikia hayo ndipo awashe kompyuta.

Fundisho la pili ni la kupima. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Eneo la mtambo wa Dodoma, jirani zetu, liliachwa bila mchezo huo hadi mwaka 1995, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Hivyo waliweza kusema ni mabadiliko gani yaliletwa na mchezo na yapi yangetokea tu. Mfanyabiashara anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kipimo chake. Apeleke chupa zenye lebo mpya katika maduka matatu na aendelee kuuza madumu ya kawaida katika maduka mengine matatu, kisha ahesabu baada ya mwezi. Hapo atajua kama tangazo limeuza, au limependeza tu.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Mkamuaji anauza lita 1,000 kwa mwezi. Anawapa wanafunzi watatu kazi ya lebo, picha na tangazo moja la redio, na gharama yote, pamoja na nauli na posho, ni shilingi 600,000. Chupa mpya na lebo zinamwongezea gharama ya shilingi 500 kwa lita, naye anapandisha bei kwa shilingi 700. Zinabaki shilingi 200 kwa kila lita. Akiuza lita 3,000, yaani katika miezi mitatu, amerudisha fedha yake yote. Kuanzia mwezi wa nne ni faida.

Ikiwa wanunuzi watakataa bei mpya, atakuwa amepoteza 600,000 hizo na gharama ya chupa alizokwisha jaza. Inauma, lakini ni hasara yenye mpaka, na kiasi chake anakijua kabla ya kuanza. Ni biashara ngapi tunaingia bila kujua mpaka huo?

MASHARTI YA KAZI

Hata hivyo, tusifanye mambo kienyeji. Kwanza, kazi ilipwe. Wapo wanaodhani mwanafunzi ni nguvu kazi ya bure kwa kuwa anajifunza. Kazi ya bure haina wa kuidai: mwenye mali haulizi imefikia wapi, na mwanafunzi huifanya akikumbuka. Malipo, hata yakiwa madogo, humpa kila upande haki ya kudai. Yatolewe kwa awamu, sehemu mwanzoni, sehemu baada ya mfano wa kwanza na zilizobaki kazi ikikabidhiwa.

Pili, pawe na maelekezo ya maandishi, hata ukurasa mmoja: bidhaa ni ipi, mnunuzi ni nani, kinatakiwa nini, lini, na mabadiliko yatafanywa mara ngapi. Ugomvi mwingi wa kazi za namna hii huzuka pale mwenye mali anaposema "sikutaka hivi" bila kuwahi kusema alichotaka.

Tatu, umiliki uandikwe. Hakimiliki inalindwa na sheria ya mwaka 1999. Mwenye biashara atake akabidhiwe mafaili ya kompyuta ya lebo yake, asije akamtafuta mwanafunzi miaka miwili baadaye ili kubadili ujazo tu. Mwanafunzi naye abaki na ruhusa ya kuionyesha kazi hiyo kwa wateja wengine, kwani huo ndio mtaji anaoondoka nao. Aidha, jina la bidhaa lipelekwe BRELA likasajiliwe kabla halijapata sifa, maana jina lenye sifa halikosi wezi.

Nne, ukweli. Lebo nzuri juu ya mafuta mabaya huharakisha kuua biashara, kwa sababu sasa mnunuzi anajua jina la kukwepa. Alama ya TBS haichorwi na mwanafunzi, hutolewa na shirika lenyewe baada ya bidhaa kukaguliwa. Zipo pia sifa zinazopotosha. Kujigamba kwamba mafuta ya alizeti "hayana lehemu" kana kwamba ni miujiza ya kiwanda fulani ni kumchezea mlaji, kwa kuwa mafuta ya mimea kwa asili yana lehemu kidogo mno au hayana kabisa. Kijana anayejifunza kutangaza ajifunze mapema pia kukataa kuandika uongo, hata mwenye mali akisisitiza.

VYUO NA WENYE MITAJI

Vyuo navyo vina wajibu. Mradi wa HEET, unaogharimiwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 425 tangu mwaka 2021, una lengo la kuifanya elimu ya juu iendane na mahitaji ya uchumi. Lengo hilo lionekane katika alama. Mwalimu akipima kazi ya mwanafunzi, maoni ya mteja aliyelipa yahesabiwe pamoja na ripoti. Vyuo vipange wanafunzi katika vikundi vidogo chini ya mwalimu mmoja, ili kikundi kikikwama mfanyabiashara awe na mtu wa kumpigia. SIDO, yenye kazi ya kulea viwanda vidogo tangu mwaka 1973, inafaa kuwa mahali pa kuwakutanisha wenye bidhaa na wanafunzi hao, kwa kuwa tayari inawajua wakamuaji.

Wenye mitaji midogo wasikae pembeni. Kazi ya lebo ikikubalika, itahitaji mashine ya kuchapa, wauzaji wa chupa mpya, chumba kidogo cha kurekodia sauti na kamera za kukodi. Atakayeweka huduma hizo Singida mjini atapata wateja kutoka Manyoni hadi Mkalama ambao leo hulazimika kuagiza mbali. Ushauri wetu ni kuanza na kimoja, kukiwekea mkataba na wateja wawili watatu, kisha kuongeza.

Kwa msimu ujao, basi, wakamuaji, wafuga nyuki na wauza vitunguu wachague kila mmoja bidhaa moja, watenge fedha ambayo wako tayari kuihatarisha, na waandikie chuo barua kabla ya likizo kuanza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata kizuri hakijiuzi kwa mtu asiyejua kinaitwaje na kinatoka wapi.