Waraka kwa Walimu wa Ufundi Stadi: Simu Iingie Karakana

Ndugu walimu wenzangu,



Kila tukikutana hoja ni ile ile: tuletewe kompyuta. Naiunga mkono. Lakini tusemezane ukweli: vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilipogawiwa walimu, vingapi leo vinafundishia, na vingapi vinatumika kutazama mpira?

Kozi za kompyuta tulizozoea hutufunza kuandika barua na kupanga majedwali. Si haba, maksi na maandalio ya somo vinahitaji hayo. Mwongozo wa UNESCO wa 2018 kuhusu TEHAMA kwa walimu nao umeorodhesha umahiri 18. Ukiubeba wote kwa mkupuo utachoka kabla hujawasha simu. Sisi tuanzie kwenye kazi ya mikono yetu.

Tazameni uchomeleaji. Wanafunzi wamezunguka meza moja, wa nyuma anaona migongo ya wenzake. Hata wa mbele, kifaa cha kukinga macho kikiwa cha kupokezana, haoni kazi ilivyokwenda. Basi chukua kioo cheusi cha akiba cha barakoa ya kuchomelea, kibandike mbele ya kamera ya simu kwa utepe, simu uifunge kwenye stuli mahali cheche hazifiki. Bila kioo hicho utarekodi mwanga mtupu. Nacho, chuma kinaonekana kikiyeyuka, pembe ya fimbo inaonekana, na mwendo wa mkono pia. Dakika mbili zinatosha. Eleza kwa Kiswahili cha karakana, wala usikate pale mshono ulipotoka na matundu. Onyesha unavyousaga na kuurudia.

VETA na kampuni ya simu ya Airtel walipoanzisha masomo ya VSOMO mwaka 2016, nadharia ilisomwa kwenye simu na vitendo vikafanyika chuoni. Nauona mgawanyo huo kuwa sahihi: maelezo yakishasikilizwa bwenini, saa za karakana zinabaki za mikono.

Kwenye magari hali ni ya haraka zaidi. Kijana wa gereji ya chini ya mwembe anachomeka kimashine cha kusoma hitilafu chini ya usukani, simu inamwandikia msimbo P0301, anajua silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Mhitimu wetu mwenye cheti asipoujua msimbo huo, ataajiriwa kumshikia spana. Ila msimbo hausemi kama mbovu ni plagi, koili au nozeli. Kumfikisha mwanafunzi hapo ndiyo kazi yetu, na hatuwezi kuifanya kama kimashine chenyewe tunakiogopa.

Bando lisiwe kisingizio. Rekodini kwa ubora wa kati, wanafunzi warushiane kwa bluetooth. Sura zao zisipelekwe mitandaoni bila ridhaa, na nywila za mfumo wa maksi msimwachie karani.

Ombi langu ni moja: kila mwanachama aje kwenye mkutano ujao wa tawi letu la walimu na video moja ya kazi moja. Nawaomba hasa wazee wetu mnaokaribia kustaafu, maana mnayoyajua hayamo kwenye kitini chochote. Vijana wawashikie kamera, ninyi shikeni kazi. Nitakuwa na laptopu mlangoni kuanzia saa mbili asubuhi kukusanya video hizo. Asiye na flashi alete simu na waya wake.

Wenu,
Katibu wa Tawi