Wafungwa wanarudi vilimani: kwa nini saikolojia na elimu ya uhalifu zisomwe pamoja Rwanda

Mwanafunzi wa Kigali mwenye shauku ya kujua kwa nini binadamu hutenda jinai hukuta njia mbili zisizokutana. Saikolojia ya tiba hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda chini ya koleji ya tiba na sayansi za afya. Kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, aghalabu huwekwa jirani na sheria. Nchini Uingereza vyuo vingi huzifunga elimu hizo mbili katika shahada moja, na kijana huichagua akiwaza ajira. Kwa Rwanda suala ni zito zaidi, kwani linahusu ujirani.

Mahakama za Gacaca, zilizoanza mwaka 2002 na kufungwa Juni 2012, zilisikiliza kesi zipatazo milioni 1.9 za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Waliopewa vifungo vya miaka 20 hadi 30 wamekuwa wakimaliza adhabu na kurejea vilimani kwao. Anayerudi humkuta mjane wa mtu aliyemuua, na huwakuta watoto wake mwenyewe waliokua bila kumjua.

Nani amewaandaa watu hao wote kukutana tena?

Kriminolojia ina kanuni yake maarufu: uhalifu hupanda katika ujana, kisha hushuka kadiri umri unavyosonga. Mauaji ya kimbari yaliipindua kanuni hiyo. Mtafiti Scott Straus wa Marekani, aliyewahoji wafungwa zaidi ya 200 waliokiri kushiriki na kuchapisha kitabu chake mwaka 2006, alikuta kwamba wengi walikuwa wakulima wa kawaida, akina baba wa familia, wenye umri wa miaka thelathini na kitu. Hawakuwa majambazi wazoefu. Kwa hiyo vipimo vya kawaida vya kukadiria kama mfungwa atarudia kosa, ambavyo hutazama umri, rekodi ya polisi na marafiki, havitoshi. Mwanakriminolojia akiwa peke yake ataona mzee asiye na hatari, naye atalifunga faili.

Hapo ndipo saikolojia inapoingia: hofu, utii kwa wakubwa, shinikizo la kundi, na ile tabia ya kukana kosa kwa miaka mingi hata mtu akaamini uongo wake. Lakini mwanasaikolojia naye akiwa peke yake humwona mgonjwa, asione hukumu ya mahakama wala fidia ya mali ambayo haijalipwa.

Upande wa manusura, takwimu ni nzito. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa msongo utokanao na kiwewe uliwapata asilimia 3.6 ya wananchi kwa jumla, ilhali kwa manusura ulikuwa asilimia 27.9. Kinyarwanda hukiita ihahamuka. Neno letu la kiwewe linakaribia, bila kubeba uzito wote.

Kuna pingamizi ambalo manusura wana haki ya kulitoa: je, kumchunguza muuaji kisaikolojia hakutageuza jinai kuwa maradhi, na maradhi kuwa udhuru? Hofu hiyo ni ya haki kabisa, na kwa maoni yetu ndiyo sababu kubwa ya kuziunganisha elimu hizi. Kriminolojia hushikilia kwamba kosa lina mtendaji na mtendewa, nayo humzuia mtaalamu asimsahau mmoja akimhurumia mwingine.

Utendaji, kwa kweli, umelitangulia darasa. Kituo cha Isange, kilichofunguliwa mwaka 2009 katika hospitali ya Kacyiru jijini Kigali, huwapokea waathirika wa ukatili wa kijinsia na kuwapatia daktari, mshauri wa kisaikolojia na mpelelezi chini ya paa moja. Wataalamu hao walisomea vitivo tofauti na hulazimika kujifunza lugha ya wenzao wakiwa kazini, mbele ya msichana anayelia.

Magerezani hali ni ngumu zaidi, maana muda unahesabika. Aliyeanza kutumikia miaka 30 mwaka 2007 atatoka mwaka 2037. Mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza hivi sasa atakuwa ndiyo kwanza ameanza kuizoea kazi yake.