Kabla ya kukopa pesa za kamera, soma hapa kwanza

Vijana wa Nakuru wamependa kamera, na ni haki yao. Jiji lina Menengai upande mmja na ziwa upande wa pili. Elementaita na Bogoria haziko mbali, na tangu Safari Rally irejee kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, Naivasha nako kuna vumbi la kutosha kwa kila mwenye lenzi. Tatizo ni moja. Wengi mnaanza kwa mkopo wa simu, mnanunua kamera mpya, halafu baada ya miezi miwili kamera inauzwa kwa hasara ili deni lilipwe. Kupiga picha kwa kujifurahisha hakufai kukuletea simu za kudaiwa.

Kwa hivyo anza na simu uliyo nayo. Simu nyingi za siku hizi zina sehemu ya kurekebisha mwanga kwa mkono, lakini wengi hawajawahi kuifungua. Gusa uso wa mtu kwenye kioo kabla ya kupiga, hasa akiwa ameipa mbingu mgongo, la sivyo ngozi nyeusi itatoka kama kivuli. Amka mapema pia. Hapa karibu na ikweta jua hupanda wima na haraka, na ule mwanga laini wa asubuhi haudumu. Ukifika saa tatu umechelewa.

Ukishaona simu imekuwekea mpaka, tafuta kamera ya mtumba. Usione aibu. Mohamed Amin, Mkenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alianza utotoni na Box Brownie iliyokwisha kutumika. Lakini mtumba una hila zake, kwa hivyo usitoe pesa kabla ya kufanya haya:

Kwanza, nenda na memori kadi yako, piga picha kadhaa na uzikague kwenye kompyuta. Pili, uliza kamera imepiga picha ngapi. Kamera nyingi za wanaoanza hukadiriwa kustahimili takriban picha 100,000, kwa hivyo iliyofika 90,000 haifai kuuzwa kwa bei ya iliyofika 10,000. Tatu, mulika ndani ya lenzi kwa tochi ya simu. Ukiona kitu kama utando wa buibui, hicho ni kuvu, achana nayo. Nne, weka tundu la lenzi kwenye f/16 upige mbingu tupu. Madoa meusi yanayobaki palepale kwenye kila picha ni uchafu ulioingia ndani. Tano, dai risiti na ulinganishe namba ya kamera. Bei ya kutupa mara nyingi ni mali ya wizi, na polisi watakukuta wewe nayo.

Pesa zikibaki, usikimbilie megapikseli. Nunua lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, mojawapo ya lenzi za bei nafuu zaidi kwa Canon na Nikon. Hupitisha mwanga mwingi, kwa hivyo inakufaa kanisani, kwenye harusi na sebuleni jioni. Wa Nikon za bei ya chini kama D3200 na D3300, tahadharini: nunueni lenzi iliyoandikwa AF-S. Kamera hizo hazina mota ndani, na lenzi za zamani hazitajilenga zenyewe. Flamingo wa Bogoria hutawafikia kwa milimita 50, lakini hao wanaweza kungoja.

Na vumbi je? Inasemekana jina Nakuru lenyewe linatokana na neno la Kimaasai linalohusu vumbi. Usibadilishe lenzi ukiwa juu ya boda au kando ya barabara ya murram. Ukilazimika, ipe upepo mgongo na uielekeze kamera chini.

Sasa tuje kwenye kuhariri. Acheni zile programu za wizi mnazopeana kwa flashi. Nyingi huja na virusi, na kijana anayepoteza picha zake zote kwa ajili ya Photoshop ya bure hajaokoa chochote. Kwenye simu, Snapseed ni ya bure na inatosha kabisa. Kwenye kompyuta kuna darktable na GIMP, za bure na halali. Lightroom ni nzuri, ila ile kamili hulipiwa kila mwezi, basi ingoje hadi picha zianze kukulipa.

Piga kwa RAW kamera yako ikiruhusu. JPEG huhifadhi viwango 256 vya kila rangi, ilhali RAW ya biti 14 huhifadhi 16,384. Ndiyo maana uso uliotoka giza huokoleka kwenye RAW, na kwenye JPEG hugeuka matope. Ukihariri, rekebisha mwanga na uiache ngozi ya mtu ilivyo. Rafiki yako hakukuomba umgeuze kuwa mweupe.

Kisha weka nakala mbili za kila picha, mahali tofauti. Hili si jambo dogo. Ziwa Nakuru lilianza kupanda karibu mwaka 2010, likameza lango kuu la zamani la mbuga, na likawahamisha watu wa Mwariki. Aliyekuwa akipiga picha pale kwa kisimu chochote, na akazitunza, leo ana historia mkononi. Aliyekuwa akingoja kamera kubwa hana kitu.

Basi chagua sehemu moja mtaani kwako. Ipige picha kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu kwa siku 30, kwa simu hiyohiyo. Ukimaliza utakuwa umejua simu inakukwamishia wapi hasa, na hapo ndipo utajua cha kununua, tena kwa pesa zako mwenyewe.